Je, kutokwenda kupiga kura ni jibu, au ni kuwaachia wengine uwanja?

Mkaazi wa Ngamiani:

Ndugu zangu, assalaam alaykum, na salamu kwa wote wa imani nyingine. Naleta swali ambalo kila jioni linazua ubishi barazani kwetu hapa Ngamiani, mjini Tanga, na ambalo mimi mwenyewe sijalipatia jibu la kuniridhisha.

Ni mpiga kura tangu mwaka 2000. Nimewahi kukichagua chama tawala na nimewahi kuuchagua upinzani, na kila mara nilimtazama mtu na kazi yake kabla ya kutazama rangi ya bendera. Mwaka 2015 jimbo letu la Tanga Mjini lilimpeleka bungeni Mussa Mbarouk wa CUF, na wengi wetu tuliamini kwamba mji huu, ambao viwanda vyake vilikufa kimoja baada ya kingine, umepata sauti. Kilichofuata kila mtu wa Tanga anakijua. Ulianza mgogoro wa umeya, halafu chama chenyewe kikapasuka kati ya upande wa Profesa Lipumba na upande wa Maalim Seif, na Machi 2019 Maalim na wafuasi wake wakahamia ACT-Wazalendo. Sisi tuliokipa chama hicho kura zetu hatukuulizwa neno. Mwaka huohuo Edward Lowassa, ambaye mwaka 2015 alipata karibu asilimia 40 ya kura za urais kwa tiketi ya Chadema, alirudi CCM alikotoka. Mtu aliyesimama juani tangu alfajiri ili ampigie kura aelezwe nini?

Sikubali kwamba watu wamekuwa wavivu. Kwa takwimu za tume ya uchaguzi yenyewe, mwaka 2005 walijitokeza kiasi cha asilimia 72 ya waliojiandikisha, mwaka 2010 wakashuka hadi takribani 43, mwaka 2015 wakapanda hadi 67, na mwaka 2020 wakawa kama nusu tu. Mtu mvivu hakai nyumbani mwaka mmoja na kuamka usiku wa manane kuwahi foleni mwaka mwingine. Nionavyo mimi, wananchi wanapima kila mara kama safari ya kwenda kituoni itabadilisha kitu. Kuhusu Oktoba 29, 2025 sitaandika kwa urefu, kwa sababu majeraha bado mabichi na kuna nyumba zilizozika watoto wao. Chadema haikuwemo kwenye karatasi ya kura, mgombea urais wa ACT-Wazalendo alikuwa ameenguliwa, intaneti ilizimwa, mshindi akatangazwa kwa karibu asilimia 98, na waangalizi wa SADC na wa Umoja wa Afrika wakasema uchaguzi huo haukufikia viwango walivyokubaliana wenyewe.

Vijana wa barazani wanasema uchaguzi ujao wabaki nyumbani, na kadi zao waziache kabatini. Wengine wanasema waende lakini waiharibu karatasi, ili hesabu ya kura zilizoharibika iseme kwa niaba yao. Wazee wanasema kususa ni kumrahisishia kazi yule unayemlalamikia. Je, kutokwenda ni ujumbe unaomfikia mtu yeyote? Na kama haumfikii, mwananchi asiye na chama amebaki na njia gani? Naomba hoja, tafadhali.

Mstaafu wa Mkonge, Muheza:

Wa alaykum salaam, mwanangu. Umeuliza vizuri, na mimi nitakujibu kwa niliyoyaona, kwa kuwa kura yangu ya kwanza niliipiga mwaka 1975, nikiwa kibarua kijana katika shamba la mkonge, na wakati huo chama kilikuwa kimoja.

Vijana wengi wanadhani kwamba zama zile hapakuwa na uchaguzi. Ulikuwepo, na ulikuwa na makali yake. Kila jimbo lilipewa wagombea wawili wa TANU, na baadaye wa CCM. Mmoja alipewa alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba, ili hata asiyejua kusoma aweze kuchagua. Wote wawili walizungushwa kwenye mikutano ileile, wakasimama jukwaa moja, na wananchi wakawauliza maswali huku wakilinganisha majibu. Waziri hakuwa salama. Mwaka 1965 Paul Bomani, aliyekuwa Waziri wa Fedha, aliangushwa na wapiga kura wa jimbo lake, na habari hiyo ilisimuliwa kwa miaka mingi hata huku kwetu, kwa sababu ilimwonyesha mkulima kwamba mkubwa anaweza kuondolewa kwa karatasi.

Nisieleweke kwamba natamani turudi huko. Majina yale mawili yalikuwa yamechujwa na vikao vya chama juu kabisa, na Rais hakuwa na mpinzani, tulikuwa tunaulizwa Ndiyo au Hapana. Mbunge aliyetofautiana na chama alikuwa hatarini, na mwaka 1968 wabunge kadhaa walifukuzwa TANU na papo hapo wakapoteza ubunge. Chama kilishika hatamu, na aliyeshika hatamu ndiye aliyejua farasi anakwenda wapi. Lakini nataka uone kitu kimoja kilichopotea tangu tulipoingia katika vyama vingi mwaka 1992. Zamani chama kilipotuletea watu wawili, sisi tusio na vyeo ndani yake tulikuwa waamuzi wa mwisho kati yao. Leo kila chama kinatuletea mtu mmoja aliyekwisha kuamuliwa, na katika majimbo mengi ambako chama kimoja kina nguvu kuliko vingine vyote, mshindi hupatikana siku ya kura za maoni ndani ya chama, ambazo nazo si za mwisho, kwa sababu kikao cha juu kinaweza kulikata jina lililoongoza na kulirudisha la aliyeshika nafasi ya tatu. Mwananchi anapofika kituoni Oktoba anathibitisha jambo lililokwisha.

Na fedha zimeingia hapohapo kwenye mchujo. Mnakumbuka takrima? Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilibadilishwa ikaruhusu mgombea kuwakirimu wapiga kura kwa jina hilo, mpaka Mahakama Kuu ilipoifuta mwaka 2006. Sheria ilifutwa, lakini tabia ilihamia ndani, kwa wajumbe wachache wanaopiga kura za maoni, ambao ni rahisi kuwafikia kuliko jimbo zima.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba msisuse. Ingieni kwenye vyama, chochote kile roho zenu zinachokikubali, muwe wengi kwenye matawi, mpaka mchujo usiweze kununuliwa kwa bei ya pishi mbili za mchele na doti ya khanga.

Kijana wa Chumbageni:

Shikamoo mzee. Nimekusoma kwa heshima, lakini naomba nitofautiane nawe. Mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa katikati ya mwaka 2016, na zuio hilo likaondolewa Januari 2023. Mimi nilitimiza miaka 18 mwaka lilipoanza. Maana yake ni kwamba umri wangu wote wa kuanza kuielewa siasa, umri ambao wewe ulikuwa unawasikiliza jembe na nyumba wakijibu maswali, mikutano ya upinzani ya kuhudhuria ilikuwa adimu katika Uwanja wa Tangamano hapa mjini. Niliwaona wabunge na madiwani wa upinzani wakihama kwa maelezo kwamba wanaunga mkono juhudi za Rais, kisha wakasimama tena palepale kwa tiketi ya chama kipya katika uchaguzi mdogo uliolipiwa na kodi zetu. Baada ya uchaguzi wa 2020 nikawaona wanawake 19 wa Chadema wakiapishwa kuwa wabunge wa viti maalum huku chama chao kikisema hakikuwateua, na hata walipovuliwa uanachama waliendelea kukaa bungeni. Unaniambia niingie kwenye tawi. Tawi la nani? Vyama vyote nilivyovijua ni mali ya waliovitangulia.

Mimi nasema kila anayepanga foleni anahesabiwa kuwa ameridhika na yote yaliyotangulia foleni ile. Kama sina namna nyingine ya kusema sikuridhika, basi nitaisema kwa kutokuwepo.

Wakili wa Mwambao, Bagamoyo:

Ndugu Mkaazi, na wewe Kijana, nawaelewa, na hasira yenu ina haki. Hata hivyo, swali lililoulizwa lina sehemu ya kisheria ambayo lazima iwekwe wazi kabla ya mtu kuamua, na nitaiandika bila kuipamba.

Sheria yetu haina kiwango cha chini cha waliojitokeza. Hata wakijitokeza watu mia moja katika jimbo zima, mwenye kura nyingi miongoni mwao ndiye mbunge. Kwa upande wa urais, hapo mwanzo mshindi alitakiwa kupata zaidi ya nusu ya kura halali, lakini marekebisho ya 13 ya Katiba, mwaka 2000, yaliliondoa sharti hilo, na sasa anayewazidi wenzake kwa kura ndiye anayetangazwa. Kura iliyoharibika haiingii katika hesabu ya kura halali. Na Rais akishatangazwa, ibara ya 41(7) ya Katiba inazizuia mahakama zote nchini kuchunguza ushindi wake. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, iliyopo Arusha, ilisema Julai 2020 kwamba kizuizi hicho kinakiuka haki za raia, na ibara bado ipo kama ilivyokuwa. Kwa hiyo, Kijana, kutokuwepo kwako kutasomwa na mtafiti, na kutamuuma mwenye dhamiri, lakini hakuna kifungu hata kimoja kinachomlazimisha mtu kulijali.

Nije kwa swali la pili, la asiye na chama, ambalo naona ndilo kiini cha haya yote. Ibara ya 39 na ya 67 zinasema kwamba anayegombea urais au ubunge lazima awe mwanachama wa chama cha siasa na awe amependekezwa na chama hicho. Ibara ya 21 inampa kila raia haki ya kushiriki katika uongozi wa nchi yake, lakini mlango umewekewa bawabu, na bawabu ni chama. Mchungaji Christopher Mtikila aliliona hili mapema kuliko wengi wetu. Mwaka 1994 Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu alimpa ushindi, akasema mgombea binafsi aruhusiwe. Serikali ikajibu kwa kuibadilisha Katiba ili sharti la chama libaki, na Mwalimu Nyerere mwenyewe, akiwa mstaafu, alilikosoa jambo hilo hadharani. Mtikila akarudi mahakamani, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikampa tena haki. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo kwa hoja kwamba jambo hilo ni la Bunge. Akaenda Arusha pamoja na Chama cha Wanasheria Tanganyika na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, na Juni 2013 Mahakama ya Afrika ikaamua kwamba kumkatalia mgombea binafsi ni kukiuka haki yake ya kushiriki na ya kutolazimishwa kujiunga na chama. Hukumu hiyo haijatekelezwa. Novemba 2019 serikali ilitangaza kujitoa katika tamko lililokuwa linamruhusu mwananchi wa kawaida kuipelekea mahakama hiyo kesi moja kwa moja, na njia aliyoipitia Mtikila ikafungwa nyuma yake. Yeye alifariki Oktoba 2015 katika ajali ya gari huku kwetu Pwani, eneo la Chalinze, akiwa hajaiona siku moja ambayo ushindi wake ulikuwa na matunda.

Nimeieleza kesi hii kwa urefu kwa sababu inaonyesha pale kukata tamaa kunapozaliwa. Wapiga kura hawakuchoshwa na karatasi ya kura. Wamechoshwa na kuona kwamba uamuzi mkubwa umeshafanywa kabla karatasi haijachapishwa, na kwamba hata anayefuata utaratibu wote, akashinda mahakamani mara tatu, hapati kitu.

Mzee wangu wa Muheza, shikamoo. Umetaja mwaka 1992, nami naomba niongeze jambo moja. Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iligundua kwamba Watanzania walio wengi, karibu wanne katika kila watano walioulizwa, walitaka chama kimoja kiendelee, lakini ikashauri vyama vingi viruhusiwe, na hapo ilifanya busara ya kuwajali wachache. Tume hiyohiyo iliorodhesha sheria 40 kandamizi ikataka zifutwe au zirekebishwe, na ilishauri iandikwe Katiba mpya. Tulichukua vyama, Katiba mpya tukaiacha. Jaji Warioba na wenzake wa Tume ya Mabadiliko ya Katiba walikusanya maoni ya wananchi tangu mwaka 2012, na rasimu yao ilimruhusu mgombea binafsi. Ikaingia Bunge Maalum mwaka 2014, wajumbe wa UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, wakatoka, iliyobaki ikapitishwa Oktoba, na kura ya maoni iliyopangwa Aprili 30, 2015 ikaahirishwa mpaka leo.

Mama wa Pongwe:

Nawasalimu nyote. Wakili, ahsante kwa maelezo, lakini sisi wanawake wa vikundi tunaliona jambo hili likianzia chini zaidi ya Rais na mbunge.

Mimi namhitaji mwenyekiti wa mtaa mara nyingi kuliko ninavyomhitaji waziri yeyote. Nikiuza kiwanja ananiandikia, mwanangu akikamatwa natafuta barua yake ili nikamdhamini, na kikundi chetu kikiomba mkopo wa halmashauri lazima atutambue. Sasa tazameni uchaguzi wa ngazi hiyo. Mwaka 2019 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa kwa kuambiwa kwamba fomu zao zina makosa, vyama vikubwa vikajitoa, na CCM ikapata zaidi ya asilimia 99 ya nafasi. Novemba 2024 matokeo yakawa karibu vilevile. Mtu ambaye hajawahi kumwona mwenyekiti wake wa mtaa akishindana na mtu mwingine, utamshawishi vipi kwamba huko juu kuna ushindani?

Lakini sikubaliani na Kijana. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa vikundi, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, ilisitishwa mwaka 2023 kwa ajili ya kupangwa upya, kisha ikarejeshwa. Katika mtaa mmoja ninaoufahamu, ambao sitautaja, mkopo ulikuwa unazungukia kwenye vikundi vilevile, na mkutano wa wakazi haukuitishwa kwa muda mrefu. Wanawake wa hapo walikwenda kwa mtendaji wakiwa kundi, wakaomba kwa maandishi kwamba mkutano uitishwe na mapato na matumizi yasomwe. Walizungushwa. Walirudi. Mkutano uliitishwa, yalisomwa, na majina ya vikundi yakabandikwa ukutani. Mwenyekiti ni yuleyule aliyepita bila kupingwa, lakini sasa anajua kwamba kuna watu wanaosoma kilichobandikwa. Hakuna aliyewauliza kama wana kadi ya chama.

Sisemi hilo linatosha. Nasema kwamba nikiziacha siku zote za kati na kuingoja siku moja ya miaka mitano, nimewaachia mengi mno.

Kijana wa Chumbageni:

Mama, nimekusikia, na sina jibu la kukupinga kuhusu mtaa. Kuhusu Oktoba msimamo wangu haujabadilika. Wakili amenithibitishia mwenyewe kwamba sheria haijali kama sikwenda, na kama ni hivyo, basi naona haijali pia kama nimekwenda.

Wakili wa Mwambao, Bagamoyo:

Hapo umenikamata, Kijana, na sitakuzungusha. Tofauti ninayoiona mimi ipo kwenye udiwani na ubunge, ambako matokeo yanaweza kupingwa Mahakamani, ambako mawakala wanabaki na nakala za fomu za kituo, na ambako pengo la kura mia kadhaa limewahi kuwaondoa watu wakubwa. Huko kutokuwepo kwako kunampa mtu kiti. Kwa urais, chini ya ibara ya 41 ilivyo leo, siwezi kukuahidi kitu.

Mkaazi wa Ngamiani:

Nawashukuru nyote, hasa kwa kutotukanana. Nimepata jibu la nusu ya kwanza ya swali langu, nalo ni kwamba kususa hakuna uzito wowote kisheria. Kwa hiyo nitaitunza kadi yangu, nitahakiki taarifa zangu kwenye Daftari la Kudumu litakapoboreshwa tena, na nitapiga kura ya diwani na ya mbunge. Ya urais naiacha wazi, kwa sababu bado namwona Kijana ana hoja ambayo hakuna aliyeijibu.

Kwa nusu ya pili, nataka wakazi wa kata yetu tumwandikie mbunge barua kuhusu ibara ya 39, 41 na 67, iwe na saini za wenye vyama na wasio na vyama, na tumwombe aijibu kwa maandishi. Wakili, je, barua ya namna hiyo ipite kwa diwani kwanza, au inaweza kwenda moja kwa moja ofisi ya mbunge na nakala kwa Katibu wa Bunge?

Wakili wa Mwambao, Bagamoyo:

Ipelekeni moja kwa moja, na nakala kwa Katibu wa Bunge ni wazo zuri. Hakikisheni mnagongewa muhuri wa kupokelewa katika nakala yenu, na andikeni tarehe. Mkiwa tayari nitumieni rasimu niipitie, sitadai malipo.